John Okello: Mgeni Aliyetangaza Mapinduzi ya Zanzibar

Maisha ya awali
John Okello alizaliwa mwaka 1937 katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Alifiwa na wazazi wake angali mtoto, na elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Alipokuwa kijana aliondoka kwao kutafuta riziki, akafanya vibarua mbalimbali nchini Kenya, vikiwemo vya uashi. Mwaka 1959 alivuka bahari hadi Pemba. Huko alikuwa mgeni kwa kila hali: Mkristo miongoni mwa Waislamu, tena mzungumzaji wa Kiswahili chenye lafudhi ya bara.

Kuingia katika siasa
Siasa za Zanzibar wakati huo zilikuwa na mgawanyiko mkali. ZNP na mshirika wake ZPPP walikuwa upande mmoja, na ASP, chama kilichoungwa mkono na Waafrika wengi, upande mwingine. Okello aliifuata ASP, na mwaka 1963 akahamia Unguja. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Kwa hiyo, uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulikabidhiwa serikali ya ZNP na ZPPP, huku Sultani Jamshid akiwa mkuu wa nchi. Serikali hiyo iliwaachisha kazi polisi wengi wenye asili ya bara, watu waliofahamu vyema mahali silaha zilipohifadhiwa.

Mapinduzi na sauti ya redioni
Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, vikundi vya vijana wenye mapanga, mikuki na pinde vilivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni, vikateka bunduki. Serikali ilianguka na Sultani akakimbia kwa meli. Wananchi wengi walimjua Okello kwa mara ya kwanza kupitia redio. Alijitangaza kuwa Fildi Mashali, akatoa amri na vitisho vikali na kutaja majeshi makubwa kuliko yale aliyokuwa nayo. Sauti hiyo ilijenga sura ya shujaa machoni pa wafuasi wake, na ikazusha hofu kwa wengine. Siku hizo maelfu ya watu, wengi wao Waarabu, waliuawa, na mali nyingi ziliporwa. Mtahiniwa asiusahau upande huu anapoeleza mafanikio ya mapinduzi.

Kuanguka kwake
Abeid Amani Karume, kiongozi wa ASP, ndiye aliyekuwa rais. Okello hakuwa na chama chake mwenyewe, wala ukoo au wazee wa mitaa wa kumtetea visiwani. Vitisho vyake viliwatia wasiwasi viongozi wenzake. Alipotoka bara mwezi Machi 1964 akitaka kurejea Zanzibar, alizuiwa. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipoundwa tarehe 26 Aprili 1964, yeye hakuwa na nafasi yoyote. Baadaye alifungwa nchini Kenya, na mwaka 1967 kitabu chake kuhusu mapinduzi kilichapishwa Nairobi. Mwaka 1971, baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda, Okello alitoweka. Inaaminika kwamba aliuawa.

Jambo la kuzingatia
Wanahistoria hawakubaliani kuhusu mchango wake. Wapo wanaomwona kuwa kiongozi halisi wa usiku ule. Wengine husema mpango ulikuwa wa ASP na vijana wake, naye alikuwa msemaji tu. Katika jibu lako, tofautisha mambo matatu: aliyepanga, aliyetangaza na aliyepata madaraka. Maisha ya Okello yanaonyesha kuwa sauti kubwa inaweza kumpa mtu umaarufu kwa siku moja, lakini utawala hudumu kwa kutegemea chama, watu na taasisi. Aliyekosa vyote hivyo hakuhitaji kushindwa vitani ili aondoke. Ilitosha afungiwe mlango.

Maswali ya marudio
1. Eleza sababu tatu zilizosababisha Mapinduzi ya 1964.
2. Kwa nini Okello hakudumu katika uongozi? Toa hoja nne.
3. Jadili jinsi redio ilivyoijenga na kuiharibu sura ya Okello mbele ya umma.