Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi

Waandishi wa kikoloni walimwita Koitalel arap Samoei mganga; sisi nasi, kwa kukosa neno, humwita chifu. Yote mawili yanampunguza. Alikuwa Orkoiyot: hakuwa na kiti cha enzi wala askari wa mshahara, lakini vijana wa Kinandi hawakwenda vitani bila baraka zake. Cheo chenyewe kilikuwa cha hatari. Babake, Kimnyole, aliuawa na Wanandi wenyewe baada ya kulaumiwa kwa maafa yaliyoikumba nchi.

Upinzani dhidi ya Waingereza ulianza mwaka 1895 ukadumu miaka 10. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, ikaendelea kuelekea Kisumu ikiigusa nchi ya Wanandi. Nyaya za simu ziligeuzwa mapambo, vyuma vya reli vikafuliwa silaha.

Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikwenda kuzungumzia amani, akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Afisa huyo alidai kwamba alitegewa mtego. Wanandi wanakijua kisa hicho kuwa usaliti. Mabaraza ya uchunguzi hayakumtia hatiani, ingawa mwaka 1906 aliondolewa nchini. Fimbo za Orkoiyot aliondoka nazo. Zilirejeshwa kutoka Uingereza mwaka 2006.