Huyu Abdulla wa Leso ni Nani?

Mwezi uliopita nilikuwa Kegonga, huko Kuria Mashariki katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Nilikwenda kumzuru mpwa wangu ambaye ni mwalimu huko. Jumamosi nilimkuta na wasichana kumi na wawili wakianza kujifunza kupiga chapa kwa mihuri ya mti, kwanza juu ya karatasi, kisha juu ya kitambaa. Meza wameitandika blanketi kuukuu ili kitambaa kilale juu ya kitu laini. Rangi wameimimina juu ya sponji iliyo ndani ya sinia, kwani muhuri ukitumbukizwa rangini moja kwa moja hubeba rangi kupita kiasi na nakshi zikazibana. Muhuri hugusishwa sponji, ukawekwa mahali pake, ukapigwa ngumi moja, kisha ukainuliwa wima bila ya kuburuzwa.

Maua na majani yaliwatoka vyema. Balaa ilikuwa kwenye maneno. Msichana mmoja alichonga jina la leso, herufi moja moja, kazi ya asubuhi nzima. Alipoupiga muhuri maneno yakatoka kinyume, kama yasomwavyo kwenye kioo. Wenziwe wakacheka, naye machozi yakamlenga. Mpwa wangu akamtuliza, akamweleza kuwa herufi huchongwa kinyume ili zitoke sawa, akamtandazia leso halisi ayatazame maandishi yalivyopangwa. Msichana akaitazama sana leso ile, kidole chake kikasimama penye maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Akanigeukia mimi, mjomba wa mwalimu atokaye Pwani, akaniuliza huyu Abdulla ni nani.

Nilimjibu nusu jibu, nikaona haya. Sisi watu wa Mombasa tumezaliwa tukafungwa ndani ya leso za Abdulla, lakini ni wangapi miongoni mwetu wamjuao kwa jina lake? Basi jibu kamili ni hili.

Jina lake khasa ni Kaderdina Hajee Essak, na herufi tatu zile, K.H.E., ni za mwanzo wa majina yake matatu. Alikuwa mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Bara Hindi, na watu wa mji walimwita Abdulla. Biashara yake ilianza Mombasa mwaka wa 1887. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Sayyid Barghash wa Unguja aliwapa Waingereza idhini ya kuendesha mambo ya mwambao kwa niaba yake. Ndipo Abdulla alipofungua milango yake, katika mji uliokuwa bado mikononi mwa Waarabu na Waswahili, lakini upepo umekwisha kugeuka.

Nguo alizozikuta zilikuwa na historia yake. Kwa miaka mingi mwambao ulivaa merikani, kitambaa kizito cha pamba kilicholetwa na majahazi ya Wamarekani, na kaniki iliyotiwa nili ikawa nyeusi yenye kuelekea buluu. Kisha katikati ya karne ya 19 akina mama wa Unguja na Mombasa wakabuni jambo. Madukani kulikuwa na vitambaa vya mkono vilivyopigwa chapa, vikiuzwa kwa kukatwa kutoka katika jora. Jina lake tulikuwa nalo tangu Wareno: leso. Wanawake wakanunua sita kwa pamoja, wakazishona tatu juu na tatu chini, ikapatikana nguo moja pana. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima isiyo na mshono. Wengine wakaiita kanga, na inasemwa ni kwa ajili ya vidoadoa vyake vilivyofanana na ndege yule.

Na sanaa ya muhuri wa mkono haikuwa ngeni kwetu. Ng'ambo ya bahari, huko Gujarat na Kutch, mafundi wamekuwa wakichonga mihuri ya msaji na kuipiga juu ya pamba kwa karne nyingi, kila rangi kwa muhuri wake. Anayetaka kuiona athari ya kazi hiyo aitazame kisutu, leso ya harusi yenye wekundu, weusi na weupe, ambayo aghalabu haina jina hata leo.

Abdulla hakuwa mchongaji. Leso zake zilichapwa kwa mitambo ng'ambo, kwani katika zama zile viwanda vya Uholanzi na Uingereza, na baadaye vya India na Japani, ndivyo vilivyokuwa vikitengeneza nguo hizi kwa ajili yetu. Kazi yake ilikuwa kujua. Ilimpasa ajue ni rangi gani itakayopendwa msimu huu, ni pindo gani litakalomvuta mnunuzi, ni mji gani wa leso uliokwisha kuchosha macho. Mwanamke wa Mombasa hakuvaa nakshi ya mwaka jana kwa kukosa nyingine, na duka lililokosea lilikaa na mzigo wake.

Kisha yakaja maneno. Mwanzo wa karne ya 20 leso zilianza kuandikwa jina, methali au fumbo, chini ya mji na juu ya pindo, na Abdulla ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa jambo hili. Mimi niliyekula chumvi ya ushairi nalipima tendo hili kwa mizani yangu. Mwanamke ambaye adabu ilimzuia kumjibu jirani au kumlalamikia mume alipata pa kuliweka neno lake. Alijifunga leso, akapita, na aliyekusudiwa akasoma.

Maneno yale ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye yakageuzwa kuwa ya Kirumi, kama zilivyogeuzwa shule na magazeti chini ya serikali ya Waingereza. Katika vitabu mageuzi hayo hutajwa kwa mstari mmoja. Mimi niliyaona nyumbani kwetu. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alihitimu chuoni na akisoma tenzi kwa herufi za Kiarabu bila ya kusita. Lakini leso ikiletwa nyumbani aliitandaza juu ya kitanda, akaniita mimi mtoto wa darasa la pili nimsomee, naye akasikiliza kichwa kimeinama. Mtu aliyejua kusoma aligeuzwa asiyejua, na hakuna aliyemtaka radhi. Sitamlaumu Abdulla peke yake kwa hilo; mfanyabiashara hufuata soko, na soko lilikwisha kufuata serikali. Lakini kila nionapo leso ya zamani yenye herufi za Kiarabu huwaza kwamba hiyo angeisoma mwenyewe.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika ziwani, Kisumu, mwaka wa 1901. Maduka yakaifuata, na leso zikafuata maduka, zikaenea Nyanza hadi huko Kuria ambako leo mama humbebea mtoto, hujitwikia mzigo na kujifunga aendapo sokoni. Nyumba ya Abdulla ikaendelea baada yake mikononi mwa ukoo wake, hapo Biashara Street.

Kuna jambo moja limenibakia. Abdulla alitia jina lake juu ya kila doti, na alifanya haki, kwani alikuwa akijidhamini: nguo ikichuja, mnunuzi ajue amrudie nani. Lakini maneno aliyoyauza hayakuwa yake. Methali na mafumbo na maneno ya ngoma yalikuwa ya watu kabla ya kuwa ya leso, na mengi yalitoka vinywani mwa wanawake ambao hawana alama yoyote penye pindo. Mali ikawa ya Abdulla. Neno halikuandikwa mwenyewe.

Hayo ndiyo niliyomwandikia mpwa wangu, naye amewasomea wanafunzi wake. Amenijibu kuwa yule msichana alichonga upya, safari hii akiandika kwanza juu ya karatasi nyembamba, akaigeuza, akafuatisha upande wa nyuma. Maneno yametoka sawa. Pembeni ameongeza herufi mbili ndogo, nazo ni za jina lake.