Justinian, Kaisari Aliyekusanya Sheria

Justinian alizaliwa mnamo mwaka 482 huko Tauresium, katika nchi za Balkani, kwenye familia ya wakulima. Mjomba wake Justin, askari aliyepanda cheo hadi kuwa kaisari, alimsomesha Konstantinopoli. Mwaka 527 Justinian akarithi kiti chake.

Alikuta sheria za Kirumi zimetapakaa katika vitabu vingi, nyingine zikipingana. Aliwaweka wanasheria, akiwemo Tribonian, wazikusanye na kuzipatanisha. Mwaka 529 ulitoka mkusanyo wa amri za makaisari. Mwaka 533 ikafuata Digesta, yenye vitabu 50. Humo imo kanuni ambayo mahakama zetu zinaitumia hadi leo: anayedai ndiye athibitishe.

Hata hivyo, mwaka 532, kazi hiyo ikiendelea, askari wake waliwaua watu wapatao 30,000 waliokuwa katika uwanja wa mashindano ya farasi kwa sababu ya uasi. Hakuna aliyesikilizwa kwanza.

Alifariki mwaka 565. Tangu karne ya 11 sheria zake zilifundishwa Bologna, zikachangia pia sheria za Kanisa.

Ndugu msomaji, sheria aliyoiandika ilikuwa njema. Swali linabaki kwa kila mwenye madaraka, parokiani na serikalini: je, sheria unayoishika, nayo imekushika?