Mkoba wa Tom Mboya

Thomas Joseph Mboya, aliyezaliwa Kilima Mbogo karibu na Thika tarehe 15 Agosti 1930, alikuwa mtoto wa Mluo wa Rusinga aliyeajiriwa katika shamba la mkonge. Nairobi ilimpokea kwanza kama mkaguzi wa afya wa baraza la jiji. Mwaka 1953, viongozi wengi wakiwa kizuizini, alishika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Fedha za wafanyakazi wa Marekani zilimwezesha kujenga Solidarity House katika Barabara ya Digo, ambayo hadi leo ni makao ya COTU. Na kwa juhudi zake ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 iliondoka kwenda Marekani mwaka 1959.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Mboya alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Katibu Mkuu wa KANU. Alikuwa ametoka tu Addis Ababa mkutanoni. Mchana aliingia katika duka la dawa la Chhani, Government Road, na alipokuwa akitoka alipigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Waombolezaji walifurika nyumbani kwake Lavington; siku ya misa, nje ya Kanisa la Familia Takatifu, umati ulikabiliwa kwa gesi ya machozi. Kisha msafara ukashika njia ya Nakuru na Kisumu hadi Rusinga.

Je, siku ile imebaki wapi? Duka la Chhani halipo tena, na Government Road yenyewe ni Moi Avenue. Victoria Street ilipewa jina la marehemu, ingawa kwa abiria wengi Tom Mboya ni mahali pa kupandia matatu tu. Sanamu yake ilisimamishwa karibu na pale alipoanguka mwaka 2011, yaani miaka 42 baadaye.

Kilichopotea kwa hasara kubwa zaidi si kitu cha kushikika. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwezi Novemba 1969. Inasimuliwa kuwa alipokamatwa aliwauliza askari kwa nini hawamwendei mkubwa. Jina la mkubwa huyo halimo katika hukumu, na aliyeweza kulitaja alizikwa nalo.

Rusinga ndiko kulikohifadhiwa kwa uangalifu zaidi. Kaburi limejengewa nyumba yenye umbo la risasi. Ni uamuzi wa kushangaza, kumlaza mtu ndani ya sura ya kile kilichomuua, ila hakuna mgeni anayehitaji kuelezwa maana yake. Humo, pamoja na picha, umo mkoba aliokuwa nao siku aliyouawa.

Mkoba huo ulibaki nyumbani, karatasi hazikubaki. Barua na nyaraka zake, zikiwemo zile za vyama vya wafanyakazi na za safari za wanafunzi, zimehifadhiwa katika Taasisi ya Hoover ya Chuo Kikuu cha Stanford, California. Mwanafunzi wa Nairobi anayetaka kuzishika kwa mkono wake hana budi kufunga safari ileile ambayo Mboya aliwatafutia nauli wale 81.