Sultan Khan: Bingwa wa sataranji aliyetambuliwa akiwa kaburini

MCHEZAJI hodari wa ajua kutoka Muhuru Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Migori, akiketishwa Lamu mbele ya bao la safu nne, hana budi kujifunza upya. Ajua ina safu mbili tu. Michezo hiyo ni ndugu, lakini sheria zake ni mbali mbali.

Mtihani wa aina hiyo ndio uliomkabili Mir Sultan Khan, mcheza sataranji aliyesafiri kutoka Bara Hindi hadi Uingereza mnamo 1929 na, kwa muda usiofika miaka mitano, akawatikisa mabingwa wa dunia.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 huko Mitha Tiwana, katika sehemu ya Punjab ambayo leo imo Pakistan. Babake alimfunza sataranji ya Kihindi tangu utotoni. Katika mchezo huo, askari hakuruhusiwa kuruka hatua mbili mwanzoni, wala mfalme hakukingwa na ngome kwa mtindo wa Kizungu.

Kipaji chake kilimvutia Sir Umar Hayat Khan, mwinyi mwenye mashamba makubwa, aliyemchukua chini ya ulezi wake ili ajifunze sheria za Ulaya. Mnamo 1928 alitwaa ubingwa wa India nzima, na mwaka uliofuata mfadhili huyo akaenda naye London.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Katika mashindano ya kujipima nguvu alifanya vibaya, kwani hakuzijua mbinu za ufunguzi ambazo wenzake walikuwa wamezisoma vitabuni. Kiingereza hakukimudu. Mafua na malaria vilimwandama, hata mara nyingine akacheza shingo ikiwa imefungwa bendeji. Hata hivyo, msimu huo huo wa kiangazi, mjini Ramsgate, alinyakua ubingwa wa Uingereza. Alirudia ushindi huo mwaka wa 1932 na 1933.

Nguvu zake zilikuwa mwishoni mwa mchezo, kete zinapobaki chache ubaoni. Katika mashindano ya Hastings ya 1930 hadi 1931 alimshinda José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia hadi 1927. Kwenye Olimpiadi ya sataranji mjini Prague mwaka wa 1931, akikalia meza ya kwanza ya timu ya Uingereza, aliwashinda Akiba Rubinstein na Salo Flohr, kisha akatoka sare na bingwa wa dunia wa wakati huo, Alexander Alekhine.

Lakini safari yote ilitegemea mfuko wa mtu mwingine. Sir Umar aliporejea nyumbani mwishoni mwa 1933, Sultan Khan naye alirudi, na hakucheza tena Ulaya. Waandishi wa huko walizoea kumsawiri kama mtumishi asiyejua kusoma, taswira ambayo jamaa zake wameipinga. Mashindano makubwa yaliendelea Ulaya. Naye alikuwa Punjab, mbali na ubao, akiishi kwa kilimo.

Mnamo 1950 Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, lilianza kutoa rasmi hadhi ya bingwa mkuu. Rubinstein na Flohr, aliowashinda Prague, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutunukiwa. Capablanca na Alekhine walikuwa wamekwisha kufariki. Sultan Khan alikuwa hai, lakini jina lake halikuwamo katika orodha hiyo.

Alifariki Sargodha, Pakistan, Aprili 25, 1966, kutokana na kifua kikuu.

Ilikuwa Februari 2024, karibu miaka 58 baadaye, ambapo FIDE ilimtangaza kuwa bingwa mkuu wa heshima, wa kwanza kutoka Pakistan kupata hadhi hiyo. Haki yake ilifika hatimaye, ila mwenyewe hakuwapo kuipokea.