Ada na mashine ambayo haikuundwa

Mwezi uliopita nilitoka katikati ya jiji, nikapita Museum Hill hadi Westlands, kumtazamia kijana mmoja programu yake ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, iliyokusudiwa wanafunzi wa Kangemi. Tarakilishi ilitia mstari mwekundu chini ya sikumwambia, na chini ya walipotuona pia. Kijana alikuwa amedhani, pasi na kumwuliza yeyote, kwamba kitenzi kina sura nne au tano tu, kama cha Kiingereza, ilhali chetu kimoja kina maelfu. Mtoto angeambiwa amekosea ilhali amepatia! Njiani nikirudi nilimkumbuka Ada Lovelace.

Alizaliwa London mwaka 1815, binti wa malenga Byron, ambaye hakupata kumjua kwani wazazi walitengana angali mchanga. Mamake, akichelea asije akarithi jazba za babake, alimlea kwa hisabati. Mwaka 1833 alikutana na Charles Babbage, mbunifu wa mashine za kupiga hesabu. Miaka kumi baadaye, akiwa mama wa watoto watatu, alitafsiri kutoka Kifaransa makala ya Mwitaliano Menabrea kuhusu mashine mojawapo ya Babbage, akaongeza maelezo yake mwenyewe yaliyoizidi makala yenyewe kwa urefu.

Mashine hiyo haikupata kuundwa. Ada hakuwa na kitu cha kujaribia. Alipotaka kuonyesha jinsi ambavyo ingekokotoa nambari za Bernoulli, ilimbidi aamue mapema, karatasini, ni nini kinachotafutwa, nambari zipi zinajulikana tangu mwanzo, kila moja ihifadhiwe wapi, na hatua zipi zirudiwe. (Wapo wanaoshikilia kuwa hesabu hizo ni za Babbage zaidi, mabishano hayajaisha.) Hata baada ya uangalifu wote huo, jedwali lilichapishwa na kosa: hatua moja ya kugawanya imepinduliwa.

Alieleza pia kwamba mashine haibuni kitu, hutenda tu lile tunalojua kuiamuru. Aliona kwamba ingeweza hata kutunga muziki, mradi uhusiano wa sauti uwe umebainishwa kwanza. Sisi wanaisimu twaijua vyema kazi hiyo ya kubainisha, na ugumu wake.

Alifariki mwaka 1852 kwa saratani ya kizazi, akiwa na umri wa miaka 36, akazikwa Hucknall kando ya babake, kama alivyotaka.

Kijana wa Westlands nimempa daftari. Ukurasa wa kwanza ataandika neno ni nini, wa pili ni nani atakayeitumia programu yake. Jumamosi tutakutana tena, na tarakilishi ataiacha nyumbani.