Dokta Adriano Atiman: Baba wa Familia, Mganga na Katekista wa Karema

Sisi tunaoishi Kitete na vitongoji vya Tabora tumezoea kupita chini ya miembe ya kale bila kuuliza ni nani aliyepumzika kivulini mwake. Hapa ilipita njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ziwa Tanganyika, na waliopita wengi walikuwa wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani, na watumwa waliosukumwa kuelekea pwani. Mwaka 1888 msafara wa Wamisionari wa Afrika, tuwaitao Mapadre Weupe, ulishika njia hiyo kutoka pwani kwenda ziwani. Miongoni mwao alikuwamo kijana Mwafrika aliyekuwa mtumwa zamani, naye sasa alikuwa mtu huru, tena mwenye elimu ya tiba.

Adriano Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Wazazi wake hakuwaona tena. Huko Algeria, mwaka 1876, Mapadre Weupe walimkomboa, wakamsomesha, naye akabatizwa mwaka 1882. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa amefungua chuo kisiwani Malta ili vijana Waafrika waliokombolewa wajifunze uganga na kurudi Afrika wakiwa madaktari na makatekista. Atiman alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipokuwa ngome ya Wabelgiji kabla ya kukabidhiwa wamisionari mwaka 1885. Leo Karema imo katika Jimbo la Mpanda. Wengine wa misafara ile walikaa miaka michache, wakahama au wakafa kwa homa. Yeye alikaa miaka 67.

Mwaka huohuo alifunga ndoa na Agnes Wansahira, binti wa jamaa ya kitemi ya Wabende. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini kuliko kawaida ya wasifu. Kwa desturi zetu ndoa ni agano la koo mbili. Upande wa bibi arusi kulikuwa na ukoo wenye heshima. Upande wa bwana arusi hapakuwa na baba wa kupeleka posa, wala mama, wala shangazi wa kupiga vigelegele. Ukoo aliokuwa nao ni jumuiya ya waamini. Tunapoona leo harusi zetu zikihesabiwa kwa wingi wa vikao na michango, twaweza kuitazama harusi ile ya Karema kwa kicho kidogo.

Kazi yake haikuwa na saa za kufunga mlango. Alifunga vidonda vya walioraruliwa na wanyama, akatibu homa, akakabiliana na ndui, na baadaye malale yaliyoangamiza vijiji vya mwambao wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyekuja kutafuta dawa alikutana pia na katekista, maana kwake kazi hizo mbili zilikuwa moja. Wajerumani walitawala wakaondoka, Waingereza wakaja, na wagonjwa waliendelea kumjia yeyeyule.

Adriano na Agnes walijaliwa mtoto wa kiume, Joseph. Mtu aliyenyang'anywa wazazi na jamaa zote angeweza, bila kulaumiwa na yeyote, kumwekea mwanawe tumaini la kuanzisha upya ukoo uliokatika jangwani. Wajukuu walikuwa ndiyo akiba ya uzee; mwana asiyeoa alionekana kama moto uliozimika mekoni. Joseph aliomba upadre. Mwaka 1923 alipewa Daraja Takatifu, akawa mmoja wa mapadre wazalendo wa mwanzo katika nchi hii, ambamo wale wa kwanza kabisa walikuwa wamepadrishwa miaka sita tu kabla yake. Baba yake alikuwa na umri wa miaka 57 hivi.

Siku ya upadrisho parokiani mwetu ni siku ya ngoma na mavazi mapya, na wazazi hukaa mbele wakipongezwa. Ni vyema wapongezwe. Lakini twadhani wazazi hao wanajua jambo ambalo wageni waalikwa hawalifikirii sana: kwamba nyumba yao, sherehe ikiisha, itakuwa na mkeka mmoja mtupu. Atiman aliujua utupu wa namna hiyo tangu utoto. Safari hii aliupokea kwa hiari.

Baada ya hapo hakustaafu. Mwaka 1939 alitimiza miaka 50 Karema, akaendelea kutibu. Alipata nishani za Kanisa na za serikali. Akikaribia miaka 80 alisimulia maisha yake, na simulizi hilo likachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956, akiwa na miaka kama 90, akazikwa Karema. Huko Sumbawanga hospitali ya jimbo inaitwa kwa jina lake, na Dar es Salaam Mapadre Weupe wana nyumba iitwayo Atiman, ambamo wageni wengi hulala bila kujua jina hilo lilikuwa la nani.